Kukosa usingizi: jinsi ya kujitibu kwa simu yako ukiwa Dodoma

Hakuna mgonjwa anayepewa ushauri mwingi kama asiyepata usingizi. Kunywa maziwa ya moto. Oga maji ya uvuguvugu. Weka simu mbali. Lala mapema. Nilihamia Dodoma mwaka 2017 pamoja na ofisi yetu, watoto nikawaacha Dar es Salaam wamalizie shule, na usingizi ukakatika. Ushauri wote huo niliufuata kwa uaminifu karibu miaka miwili. Ulioniharibia zaidi ni ule wa mwisho. Nilikuwa napanda kitandani saa tatu usiku ili nifidie usiku uliopita, nagaagaa mpaka saa saba, napata lepe la usingizi, nashtuka saa tisa, kisha nasikiliza upepo ukicheza na bati mpaka majogoo.

Kilichonitoa huko ni tiba ya fikra na tabia kwa ajili ya usingizi. Mtandaoni utaikuta kwa herufi CBT-I. Niliifanya kwa simu, nyumbani kwangu Ilazo, bila kumeza kidonge. Chama cha madaktari wa Marekani kiitwacho American College of Physicians kilitoa mwongozo mwaka 2016 kikisema kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi aanziwe tiba hii kabla ya dawa, na wataalamu wa usingizi wa Ulaya wakasema hivyohivyo mwaka 2017. Mimi si daktari. Ninaandika kama mtu aliyepita njia hiyo na akaipita vibaya mara mbili tatu kabla ya kuipata.

Shika jambo moja kabla ya hatua yoyote: tiba hii haikuongezei muda wa kukaa kitandani, inakupunguzia. Mwanasaikolojia wa New York, Arthur Spielman, alieleza kwamba kinachoanzisha tatizo na kinacholiendeleza mara nyingi ni vitu viwili tofauti. Langu lilianzishwa na uhamisho. Uhamisho nikauzoea, watoto wakaja, nyumba ikapatikana, lakini usingizi haukurudi, kwa sababu kufikia hapo ulikuwa unazuiwa na mbinu zangu mwenyewe za kuutafuta: kulala mapema, kulala mchana Jumapili, kubaki kitandani asubuhi nikiubembeleza. Saa tisa za kitanda nilizijaza kwa usingizi wa saa tano na nusu. Saa tatu na nusu zilizobaki zilinifundisha kwamba kitandani ni mahali pa kukaa macho.

Kabla hujaanza, jipime

Tatizo huitwa sugu pale unapochelewa kupata usingizi, au unakatika katikati, au unaamka mapema mno, usiku mitatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, na mchana wako unaharibika. Kuna sharti jingine ambalo watu hulisahau: nafasi ya kulala uwe nayo. Mama mwenye mtoto mchanga na mlinzi wa zamu ya usiku wamenyimwa nafasi, na hilo ni jambo lingine.

Programu nyingi huanza na dodoso la maswali saba lenye alama 0 hadi 28. Kuanzia 15 kwenda juu, tatizo ni la kutibiwa kweli. Andika alama zako na tarehe, utazihitaji baadaye.

Usianze peke yako kama una kifafa, kwa sababu kupunguza usingizi kunaweza kuamsha degedege. Vivyo hivyo kama una ugonjwa wa bipola, ule wa vipindi vya kuchangamka kupita kiasi na vipindi vya kuzama. Kama unatembea usingizini, au unakoroma sana na mwenzako anasema pumzi huwa zinasimama kisha unashtuka ukizitafuta, anza hospitali. Mjamzito naye azungumze kwanza na mkunga au daktari wake. Na kama mawazo ya kutaka kufa yanakujia usiku, achana na mwongozo huu, mwambie mtu uliye naye, mwende hospitali leo.

Kwa hapa mjini kuna General, yaani Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kuna Benjamin Mkapa, na kuna Mirembe. Najua jina la Mirembe linavyotamkwa mitaani, kwamba ukionekana getini pale basi umeshavua nguo barabarani. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na usingizi ni afya ya akili. Nilipokwenda kuulizia, kwenye benchi nilikaa na watu wazima waliovaa vizuri kuliko mimi.

Kama unameza vidonge vya usingizi, hasa vya jamii ya Valium, usiviache ghafla. Kuacha ghafla kunaweza kuleta mtetemeko na hata degedege. Tiba hii unaweza kuianza ukiwa bado unavitumia, na daktari akakupunguzia polepole.

Hatua ya 1: Chagua chombo, kisha tafuta mtu

Serikali ya Marekani, kupitia idara yake ya wanajeshi wastaafu, imetengeneza programu mbili za simu zisizolipiwa. Insomnia Coach ni ya mtu anayejiongoza mwenyewe. CBT-i Coach imekusudiwa mtu ambaye tayari ana mtaalamu anayemwongoza. Uingereza wanayo Sleepio, iliyotengenezwa na Profesa Colin Espie na wenzake, na mwaka 2022 taasisi yao ya kupitisha tiba, NICE, iliipendekeza itumike badala ya ushauri wa kawaida na vidonge. Zote ni za Kiingereza. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, mwongozo huu na daftari la shilingi chache vinatosha kukupeleka mbali, kwa sababu kazi yenyewe ni hesabu na ukaidi.

Programu ya kweli utaijua hivi: inakudai ujaze kumbukumbu za usingizi kila asubuhi, inakupangia saa ya kupanda kitandani na ya kuamka, na kila wiki inabadilisha saa hizo kwa kufuata ulivyolala. Inayokupigia sauti ya mvua na muziki wa kinanda ni burudani. Bando haiwezi kuwa kisingizio pia, maana kujaza maswali hakuli data kama video.

Sasa huyo mtu. Utafiti umeonyesha mara nyingi kwamba tiba ya mtandaoni inafanya kazi, na kwamba inafanya kazi vizuri zaidi kukiwa na binadamu anayefuatilia. Wengi huishia njiani. Mimi nilimwomba dada yangu wa Singida anipigie kila Jumapili jioni aniulize swali moja tu: "Wiki hii umeamka saa uliyopanga siku ngapi?" Hakujua chochote kuhusu tiba, lakini aibu ya kumjibu "siku mbili" ilinisaidia kuliko kengele zote za simu. Ukipata mwanasaikolojia wa kuzungumza naye kwa video au kwa simu hata mara nne tu, ni bora zaidi.

Hatua ya 2: Wiki moja ya kuandika, bila kubadilisha chochote

Kila asubuhi, baada ya kuamka na si usiku, andika: ulipanda kitandani saa ngapi, ulizima taa saa ngapi, unakadiria ulichukua muda gani kusinzia, uliamka mara ngapi na kwa jumla ya muda gani, uliamka moja kwa moja saa ngapi, na ulitoka kitandani saa ngapi. Kadiria tu. Ukianza kutazama saa usiku ili upate takwimu safi, umeshaharibu usingizi kwa ajili ya daftari.

Hapa kuna mtego wetu sisi Waswahili, na mimi niliingia mzimamzima. Programu zinahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Nilipanda kitandani saa nne usiku, nikaandika 4:00. Asubuhi nikatazama simu, ikasema 5:30, nikaandika 5:30. Programu ikahesabu kwamba nimekaa kitandani saa moja na nusu, na ndani yake nimelala saa tano. Ikakataa, ikaniambia nikague majibu yangu, nami nikaona imeharibika nikaifuta. Nilipoteza wiki. Chukua saa yetu, ongeza au toa sita, na ushike mtindo mmoja: saa nne usiku ni 22:00, saa sita usiku ni 00:00, saa kumi na moja na nusu alfajiri ni 05:30. Nilizibandika kwenye jalada la daftari nikaacha kufikiria.

Chagua wiki ya kawaida. Usianzie Ramadhani unapoamka kula daku, wala wiki yenye mkesha kanisani, wala siku unazolala msibani. Msiba ukitokea katikati, andika hivyohivyo, endelea.

Hatua ya 3: Hesabu ya saa za kitanda

Hii ndiyo dawa yenyewe. Chukua kalamu.

Jumlisha saa ulizolala kweli kwa siku saba, gawanya kwa saba. Zangu zilikuwa 5, 6 na nusu, 4, 5 na nusu, 6, 4 na nusu, 7. Jumla 38 na nusu, wastani saa 5 na nusu. Kisha tafuta ufanisi: saa ulizolala, gawanya kwa saa ulizokaa kitandani, zidisha kwa 100. Mimi nilikaa saa 9, kwa hiyo 5.5 kwa 9 ni asilimia 61. Lengo ni 85 na kuendelea.

Sasa panga. Saa mpya za kitanda ni sawa na wastani wako wa kulala, ila kamwe zisishuke chini ya saa 5 hata kama daftari linasema unalala tatu. Anza na saa ya kuamka, maana hiyo ndiyo mhimili: ichague moja utakayoiweza siku zote saba, Jumapili ikiwemo. Mimi gari la kwenda Mtumba hunipitia mapema, nikachagua saa 11:30 alfajiri. Kurudi nyuma saa tano na nusu unaangukia saa 6:00 usiku. Kwa hiyo kabla ya saa sita usiku ni marufuku kupanda kitandani, hata uwe umechoka vipi.

Mama yangu alikuwa kaja kututembelea siku hizo. Saa nne ananikuta sebuleni nimekaa wima. "Mwanangu, si ulale?"

"Bado saa mbili, mama."

"Bado saa mbili za nini? Usingizi nao siku hizi unapanga foleni?"

Alicheka mpaka akapaliwa, lakini hakukosea sana. Unapobana muda, hamu ya kulala inajikusanya kama maji nyuma ya tuta. Ubongo hukusanya kitu kiitwacho adenosini kadiri unavyokaa macho, na ndicho kinachokusukuma kusinzia. Ukilala mchana au ukiwahi kitandani, unafungua tuta mapema, usiku linakuwa halina kitu.

Nikuonye bila kuficha: siku kumi za mwanzo ni mbaya. Utakuwa mkali, utasahau funguo, utasinzia kwenye kikao. Ni dalili kwamba shinikizo la usingizi linapanda, lakini ni hatari barabarani. Dereva wa basi, wa lori, bodaboda, fundi wa mashine za kusaga, hatua hii msiifanye kama nilivyoifanya mimi. Kuna njia ya taratibu: badala ya kukata mara moja, punguza muda wa kitanda kwa dakika 15 hadi 30 kila wiki mpaka ukaribie wastani wako. Ni ndefu zaidi, ila inavumilika, na wazee pia huwafaa hiyo. Mimi kwa wiki mbili gari langu liliegeshwa, nikapanda daladala.

Hatua ya 4: Kitanda kijifunze upya

Kanuni hizi zilitungwa na Richard Bootzin mwaka 1972 na bado zinatumika.

Panda kitandani unaposinzia, si unapochoka tu. Tofauti ni kubwa. Kuchoka ni miguu na mgongo. Kusinzia ni kope nzito, kichwa kinadondoka, unasoma mstari uleule mara tatu. Saa uliyopangiwa ikifika na hujasinzia, endelea kukaa.

Kitandani ni kulala na tendo la ndoa. Simu, taarifa ya habari, hesabu za vikoba na ugomvi vihamie kwingine.

Usingizi usipokuja kwa kama robo saa kwa kukadiria, toka. Ukikatika usiku wa manane, toka vilevile. Rudi ukisinzia. Fanya hivyo hata mara sita.

Hii ndiyo iliyonitoa jasho. Juni na Julai Dodoma usiku kuna baridi ya kweli, upepo unaingia chini ya mlango, na wewe unatakiwa uinue chandarua, utoke kwenye blanketi, uende ukakae. Siri ni kuandaa mapema. Kabla ya kulala niliacha sebuleni kigoda, kanga mbili nzito, soksi, taa ndogo ya sola na beseni la karanga zenye maganda. Nikiamka, sikuwa na cha kuamua, nilikwenda kwenye karanga. Unavunja ganda, unatoa mbili, unatupa ganda. Haina maana wala mwisho wa kusisimua, na mikono ina kazi. Usiku wa pili wa wiki ya kwanza nilibangua mpaka kidole gumba kikauma, saa nane hiyo, mume wangu akatokea mlangoni kafunga shuka akaniangalia bila kusema kitu, akarudi kulala. Usiku wa tano nilibangua kama konzi tatu nikajikuta kidevu kimegusa kifua. Nikarudi kitandani, na kilichofuata ni kengele ya saa kumi na moja na nusu.

Chagua chako: kuchambua mchele, kufuma, kupasi mashati ya shule, kusoma Zaburi au Kurani taratibu. Kisiwe kwenye kioo cha simu na kisiwe chakula. Karanga zenyewe sikuzila, nilimpa mama auze.

Kama unaishi chumba kimoja, kitanda, sofa na jiko ndani ya kuta nne, sheria haibadiliki, inapungua ukubwa tu. Tandika mkeka kona ya mbali na kitanda, uupe mgongo. Aliyekaa mkekani hayuko kitandani. Kama mnalala watoto na wazazi, waambie mapema kwamba utakuwa unatoka, wasishtuke wakadhani kuna mwizi. Na ukitoka, chomeka chandarua, la sivyo utarudi ukute mbu wameshakukalia.

Asubuhi kengele ikilia, inuka. Usiku uwe ulikuwa mzuri au mbaya, saa ni ileile. Toka nje upate mwanga. Sisi tuna bahati, hapa jua linachomoza muda karibu uleule mwaka mzima, na dakika ishirini za kufagia uwanja zinaiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza. Mchana usilale. Ukishindwa kabisa, kwa usalama wako lala dakika 20 tu, na iwe kabla ya saa tisa alasiri, kisha andika.

Hatua ya 5: Mawazo ya saa tisa usiku

Usiku hakuna wazo dogo. Ada inakuwa kufukuzwa, kufukuzwa kunakuwa mtoto kuharibikiwa. Programu hukufundisha mambo mawili.

La kwanza ni kuyapa mawazo ofisi. Saa kumi na mbili jioni, kaa mezani robo saa na karatasi. Upande wa kushoto andika kinachokusumbua, upande wa kulia andika hatua moja ndogo ya kesho, au andika "hakuna la kufanya". Funga. Yakija usiku, unayajibu kwamba ofisi hufunguliwa kesho jioni. Mwanzoni niliona utoto. Wiki ya tatu niligundua orodha ya kushoto ni ileile kila siku, na nusu yake sikuwa na la kufanya.

La pili ni kuyahoji mawazo kuhusu usingizi wenyewe. Wazo langu sugu lilikuwa: nisipopata saa nane za usingizi, kesho sitafanya kazi. Nilirudi kwenye daftari. Siku niliyopata saa nne za usingizi niliandika muhtasari wa kikao na bosi hakurudisha hata ukurasa. Siku niliyopata saa saba za usingizi nilikosea jina la mgeni rasmi. Wazo halikufa, lilipoteza meno tu. Mahitaji ya watu yanatofautiana, na usiku mmoja mbovu mwili unaumudu.

Halafu kuna hili, ambalo programu za wazungu haziligusi. Kwetu mtu anayeshtuka saa nane au tisa kila usiku huambiwa hizo ni saa za wachawi, kuna kitu kinamkalia. Sitaki kubishana na imani ya mtu. Nasema tu kwamba usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kuamka kidogo kati ya mzunguko na mzunguko ni jambo la kila binadamu. Wengi hugeuka wakasahau. Anayeogopa saa hiyo akifumbua macho moyo unaenda mbio, na moyo ukienda mbio usingizi hauna pa kukaa. Kama unasali, sali, kisha fuata hatua ya 4. Na saa ya ukutani igeuze itazame ukuta, usijue ni saa tisa.

Ukibanwa na kujilazimisha kulala, jaribu kinyume. Lala chali gizani, macho wazi, ukijiambia unataka kukesha. Wengi hushindwa kukesha.

Hatua ya 6: Madogo, kwa haraka

Kahawa, chai ya rangi nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu viishe saa nane mchana. Kafeini huziba njia ya adenosini, na baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini. Mvinyo wetu wa Dodoma au wanzuki utakulaza haraka na kukuamsha katikati ya usiku, basi usiuite dawa. Vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi mwili huvizoea upesi. Mazoezi ni mazuri, ila mapema jioni.

Haya ndiyo watu huyaita tiba. Mwaka 2021 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri yasitumike peke yake kama tiba ya tatizo sugu, na ndiyo maana nimeyaweka mwishoni.

Hatua ya 7: Kila Jumapili, rekebisha

Hesabu ufanisi wa wiki. Ukiwa 85 au zaidi, ongeza dakika 15 kwa kuwahi kitandani, kuamka usikuguse. Ukiwa kati ya 80 na 84, baki hapo. Chini ya 80, punguza dakika 15, ila kumbuka sakafu ya saa 5.

Wiki ya kwanza nililala wastani wa dakika 290 kati ya 330, asilimia 88. Nikahamia saa 5:45 usiku. Ya pili 310 kati ya 345, asilimia 90, nikahamia 5:30. Wiki ya tatu tulifiwa, nikalala 285 kati ya 360, asilimia 79, nikarudishwa saa 5:45 nikalia kweli, kwa hasira. Ndivyo inavyokwenda, mbele na nyuma. Baada ya miezi miwili na ushee nilikuwa napanda saa 4:45 usiku na kulala saa sita kati ya saa sita na dakika 45. Saa nane sijawahi kuzifikia na sizitafuti tena. Ukiacha kusinzia mchana na ukiongeza robo saa usingizi hauongezeki, hapo ndipo kipimo chako.

Rudia dodoso la maswali saba wiki ya sita au ya nane. Alama 0 hadi 7 maana yake tatizo limeondoka. Kama umefuata kwa uaminifu na bado uko 15 au zaidi, peleka daftari hospitali. Daktari aliyeona kurasa arobaini za usingizi wako ataanzia mbali kuliko aliyeambiwa tu "silali".

Tatizo hurudi, hasa ukihamishwa, ukiugua au ukiuguliwa. Likirudi, usiwahi kitandani. Toa daftari, hesabu wiki moja, bana saa za kitanda upya. Mimi lilinirudia mara moja, wiki ya bajeti, na sikusubiri miaka miwili. Beseni nililijaza karanga usiku wa tatu.